Uongo Unasema Kiswahili

Kila ikisikika habari ya kijana wa Mugeta aliyelipa fedha ili akafanye kazi kwenye mtambo wa mafuta baharini, halafu kazi yenyewe ikayeyuka, vijiwe vya Bunda na Musoma hutoa hukumu moja: "Tamaa imemponza. Kaingizwa mjini!" Watu wanacheka, kahawa inaendelea. Mimi nasema hukumu hiyo ni ya kivivu, na wavivu wa kwanza ni sisi tunaojiita waandishi chipukizi.

Hebu tuitazame hiyo tamaa. Kijana kamaliza kidato cha nne. Nyumbani kuna pamba, ambayo bei yake mkulima hapangi, na ng'ombe wachache. Bahari hajaiona, maji makubwa anayoyajua ni Ziwa Victoria. Siku moja anapigiwa simu: "Mdogo wangu, kuna mchongo. Meli ya kuchimba mafuta inataka vijana wenye nguvu. Elimu si tatizo. Tuma ada ya fomu." Wiki ya pili ni ada ya daktari. Ya tatu, viza. Ng'ombe mmoja anakwenda mnadani, kisha wa pili. Jamani, tangu lini kutafuta kazi kukaitwa tamaa?

Sasa msikilizeni huyo tapeli. Anaongea Kiswahili safi, anamwamkia mama wa kijana shikamoo, anapokea simu hata saa nne za usiku. Ukweli je? Umekaa kwenye intaneti, kwa Kiingereza, umejaa vifupisho. Uongo unabisha hodi, ukweli unangoja kutafutwa. Mnashangaa nini kijana akiufungulia uongo?

Basi tuuseme ukweli hapa, kwa Kiswahili.

Kwanza, kilichogunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari yetu kuanzia 2010 ni gesi, si mafuta. Mwaka 2012 kisima cha Zafarani kilichimbwa mahali ambapo maji yana kina cha zaidi ya mita 2,000; Ziwa Victoria penye kina kuliko pote halifiki mita 100. Meli za kazi hiyo hukodiwa, zikimaliza visima zinaondoka. Gesi inayotuwashia umeme imekuwa ikitoka Songo Songo, iliyogunduliwa 1974, na Mnazi Bay, 1982. Anayekwambia kuna mamia ya nafasi baharini, mwulize: meli gani, na iko wapi?

Pili, wengi walioko kwenye rigi hawaajiriwi na kampuni ya mafuta yenyewe. Wanaajiriwa na mwenye mtambo na makampuni ya huduma: wapishi, wachomeleaji, mafundi umeme, waendesha kreni, vibarua wa sitaha. Zamu ni saa 12 kwa siku, kwa kawaida wiki mbili hadi nne mfululizo, ndipo urudi nchi kavu. Anayeanza na ufundi wa VETA ameushika mlango wa kweli kuliko mwenye fomu ya elfu hamsini.

Tatu, hupandi helikopta ya kwenda huko bila kupimwa afya na kupata cheti cha usalama. Kinachotambulika sana kinaitwa BOSIET, na hudumu miaka minne. Unafungwa mkanda ndani ya kibanda mfano wa helikopta, kinazamishwa bwawani, kinapinduliwa, nawe utoke. Mafunzo hayo hulipiwa, ndiyo. Lakini unakilipa chuo, unapewa risiti, na unalowa kweli. Kazi yenyewe hailipiwi. Mkataba Namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, umeweka msingi kwamba wakala hamtozi mfanyakazi. Na sheria yetu ya huduma za ajira ya 1999 inamtaka wakala binafsi awe amesajiliwa.

Haya hayajai hata ukurasa mmoja. Mbona hayajabandikwa ofisi ya kata? Sheria ya Petroli ya 2015 imeunda mamlaka, PURA, na imetaka Watanzania wapewe kipaumbele. Kipaumbele gani kwa mtu asiyeonyeshwa mlango? Tangazo la kazi ambalo Mtanzania wa Mugeta hawezi kulisoma halijatangazwa kwake.

Najua mtasema: hili ni gazeti la fasihi, si ofisi ya ajira. Haya. Mwana wa Butiama, jirani yetu, akiwa Rais, alitafsiri Shakespeare. Mabepari wa Venisi ikachapwa 1969. Kama mkataba wa ratli ya nyama ya mtu ulipata Kiswahili chake, masharti ya kazi ya rigi yanashindwaje? Au lugha yetu ni ya mapenzi na mbalamwezi tu, mambo ya riziki tuwaachie matapeli?

Mwenzangu wa kalamu, tapeli naye ni mtunzi. Anajua msomaji wake, anajua ana njaa ya nini, na anamwandikia. Sisi tunamwandikia nani? Toleo hili likifika mkononi mwako, nakili hizo hoja tatu kwa herufi kubwa. Bandika mnadani, bandika stendi ya Bunda, bandika shuleni Mugeta kabla kidato cha nne hawajatawanyika. Mashairi ya mapenzi yatasubiri.