Kitabu cha Fizikia Kichaguliwe kwa Ushahidi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akirusha jiwe juu, kisha aulizwe ni nini kinacholitendea jiwe hilo linapopanda, aghalabu hujibu kwamba limebeba nguvu ya mkono uliolirusha. Jibu hilo si sahihi. Likishauacha mkono, tukiipuuza hewa, kilichobaki ni mvuto wa dunia peke yake. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo huyo aweza kuziandika kanuni za Newton bila kosa na mtihani akaupita.

Sisi wanaisimu twaijua asili moja ya tatizo hili. Nguvu kwa Kiswahili, inya kwa Kimeru, vinya kwa Kiembu, ni kitu alicho nacho mtu ndani yake, ambacho hatimaye humwishia. Mwanafizikia hutaka neno la tendo lililo baina ya vitu viwili, na ndiyo sababu wenzetu wa Tanzania hutumia kani. Walakini tusizisingizie lugha zetu. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio la kupima dhana hizi, na wanafunzi wa Marekani walionekana kukosea vivyo hivyo. Mwaka 1998 Richard Hake alilinganisha matokeo ya wanafunzi zaidi ya 6,000. Madarasa yaliyojadiliana yalipiga hatua takriban mara mbili ya yale yaliyosikiliza mihadhara tu.

Vyuo vikuu vya Meru, Chuka na Embu vilipata hati zao kati ya 2013 na 2016. Havijazeeka kiasi cha kufungwa na mazoea. Hata hivyo, mara nyingi kitabu huteuliwa kwa kuwa mhadhiri mwenyewe alikisoma, au kwa kuwa kina maswali mengi ya hesabu. Siku hizi hupendwa pia kwa kuwa ni cha bure, kama kile cha OpenStax cha mwaka 2012. Bure si haba, hasa kwa mtoto wa mkulima wa majani chai. Basi na kiambatanishwe na mazoezi kama yale ya Lillian McDermott na Peter Shaffer wa Chuo Kikuu cha Washington, ambayo humtaka mwanafunzi atabiri kwanza, kisha akabiliane na kosa lake.

Hili si suala la alama tu. Katika daraja la Nithi, kwenye barabara ya Embu na Meru, zaidi ya watu 30 walifariki Julai 2022 basi lilipotumbukia. Basi lililokwisha kushika mwendo halihitaji kani ili liendelee. Huihitaji ili lisimame au likate kona.

Idara zetu na zitoe jaribio hilo mwanzoni na mwishoni mwa muhula, kila moja kwa kitabu chake, kisha zilinganishe matokeo hadharani. Gharama yake ni karatasi na nusu saa, mara mbili.