Dhamana Isiamuliwe na Jina la Shtaka

Ndugu wa mshtakiwa wanafika mahakamani mapema, wameshika barua ya serikali ya mtaa, vitambulisho, pengine na hati ya kiwanja. Kesi inapotajwa, wakili anasimama kuomba dhamana. Hakimu anamjibu kwamba shtaka hilo halidhaminiki. Upelelezi bado haujakamilika, kesi inaahirishwa, mshtakiwa anarudi mahabusu na barua inarudi kwenye bahasha yake bila kusomwa.

Katika shauri la namna hiyo, ambayo si ngeni Tanzania, hakuna aliyeuliza kama mtu huyu ana makazi yanayojulikana, kama aliwahi kuruka dhamana, au kama kuna shahidi anayemwogopa. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kimekwisha kujibu kabla ya swali. Mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi na utakatishaji fedha ni miongoni mwa makosa yaliyofungiwa mlango huo.

Wanaoitetea orodha hiyo hawana hoja nyepesi. Mwanakijiji aliyewataja majambazi polisi ana haki ya kulala bila hofu ya kukutana nao kisimani kesho yake. Lakini hofu hiyo inahusu mtu fulani na mazingira fulani. Jina la kosa peke yake haliithibitishi. Na jina la kosa huchaguliwa na nani? Na anayeandaa hati ya mashtaka. Akiongeza shtaka la utakatishaji fedha juu ya la kukwepa kodi, amekwisha kuamua suala la dhamana, na hakimu amebaki kupanga tarehe tu.

Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019, na shtaka la utakatishaji fedha likiwamo kwenye hati yake. Alikaa mahabusu takriban miezi saba, akatoka Februari 2020 baada ya makubaliano na waendesha mashtaka. Tuache mjadala wa kama alikosa au hakukosa. Mtu anayejadiliana akiwa nyuma ya nondo, bila kujua kesi itaanza kusikilizwa lini, hajadiliani kwa nguvu sawa na anayelala kwake.

Mahakama zenyewe zimelivuta suala hili huku na huku. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha sehemu ya kifungu hicho iliyozuia dhamana. Mwaka 2018, katika shauri la Jeremia Mtobesya, ikakikataa kifungu kidogo cha nne, kilichompa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kuzuia dhamana kwa hati yake tu. Mei 2020, kwenye kesi ya Dickson Sanga, Mahakama Kuu iliitangaza orodha yote kuwa kinyume cha Katiba. Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikairejesha.

Kenya ilichagua njia nyingine. Ibara ya 49 ya Katiba ya 2010 inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia. Hata mshtakiwa wa mauaji huomba dhamana. Upande wa mashtaka ukidai kwamba atatoroka au atawavuruga mashahidi, unatakiwa kuonyesha msingi wa dai hilo, na jaji hulipima.

Hata huko mambo hayajanyooka. Masharti yakiwa mazito, haki iliyoandikwa kwenye Katiba inakuwa ya mwenye shamba na mshahara, na mchuuzi anabaki rumande kwa kukosa mdhamini. Kwa hiyo kuifuta orodha ya Tanzania kungekuwa nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuyapima masharti kwa mfuko na mazingira ya mshtakiwa, kwa kuwa lengo lake ni arudi siku ya kesi, wala si kumkomoa.

Bunge linaweza kuyawekea makosa mazito utaratibu mkali zaidi: maombi yasikilizwe na jaji wa Mahakama Kuu, na mashahidi walio hatarini walindwe. Mwendesha mashtaka naye aendelee kupinga dhamana kila anapoona hatari. Ila apinge kwa ushahidi, mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumwambia hapana.