Mizani na Ufadhili Visishikwe na Mkono Mmoja

Mwaka 2021 wanariadha 6 wa kike walilieleza gazeti la The Oregonian waliyopitia katika timu ya riadha ya Chuo Kikuu cha Oregon, Marekani. Walikuwa wakipimwa mafuta ya mwili kwa mashine ya mionzi, na majibu yakawafanya wakiogope chakula. Kocha mkuu, Robert Johnson, alitetea matumizi ya takwimu. Mwaka uliofuata mkataba wake haukuongezwa.

Kumwondoa kocha hakutoshi. Kipimo chenyewe kina faida, kwa sababu mkimbiaji anayekula kidogo kuliko nguvu anazotumia hukatikiwa na hedhi na mifupa yake hupata nyufa. Wanaume nao huumia. Ubaya ni kwamba anayesoma majibu ndiye huyohuyo anayepanga nani akimbie na anayependekeza nani aendelee kupata ufadhili. Mbele ya mtu huyo, msichana mwenye akili timamu atanyamaza. Ukimya huo makocha huuita nidhamu ya timu. Mimi nauita woga.

Wakimbiaji wetu wa Afrika Mashariki wanaosoma Marekani ndio wenye mengi ya kupoteza. Henry Rono alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978 akiwa Chuo Kikuu cha Washington State. Edward Cheserek alitwaa mataji 17 ya vyuo akiwa hukohuko Oregon. Hayo tunayakariri. Lakini viza ya mwanafunzi humtaka abaki masomoni, ada inalipwa na ufadhili, na nyumbani wako wadogo zake wanaomtegemea. Kijana kutoka Iten akisikia maumivu ya goti, huyawaza yote hayo kabla ya kufungua mdomo.

Tena si goti tu. Marko Cheseto, Mkenya aliyekuwa akikimbia katika timu ya Chuo Kikuu cha Alaska Anchorage, alifiwa na mwenzake wa timu mapema mwaka 2011, Mkenya kama yeye, aliyejitoa uhai. Amesimulia hadharani alivyolemewa na huzuni. Novemba mwaka huohuo alipotea kwenye theluji, na miguu yote miwili ikakatwa kwa kuganda. Baadaye alirudi kukimbia kwa miguu ya bandia, na simulizi hiyo ya ushujaa ndiyo tunayoipenda. Mimi huifikiria zaidi ile miezi ya katikati, ambayo saa ya kocha haiwezi kuipima.

Wako watakaosema kocha hawezi kufundisha mwili asioujua. Ni kweli, basi daktari amwambie jambo moja: huyu leo akimbie au apumzike. Kiwango cha mafuta, hedhi na machozi vibaki kwa daktari, mtaalamu wa lishe na mshauri nasaha, ambao ajira yao haiko mikononi mwa kocha. Na mzazi wa Eldoret au Arusha, kabla mwanawe hajasaini kukubali ufadhili, aulize na ajibiwe kwa maandishi: akiumia mwaka wa pili, ufadhili utaendelea?