Israfu katika Ujenzi ni Deni kwa Watoto Wetu

  

Ndugu Waislamu, tangu Januari 2025 jiji la Oslo, nchini Norway, limeweka sharti kwamba miradi ya ujenzi ya manispaa iendeshwe bila mitambo inayotoa hewa ya ukaa. Safari hiyo ilianza mwaka 2019, mtaa mmoja wa katikati ya jiji ulipokarabatiwa kwa mashine za kuchimbia zinazotumia umeme.

Huenda msomaji akauliza: ya Norway yatuhusu nini sisi tunaojenga vyumba vitatu kwa kudunduliza, ilhali Afrika nzima hutoa takribani asilimia 4 tu ya hewa hiyo duniani? Swali ni la haki. Mzigo mkubwa ni wa mataifa tajiri, wala hatuwaondolei. Lakini dhambi ya jirani haihalalishi israfu yetu.

Tuitazame saruji. Mawe ya chokaa huchomwa tanurini kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na mawe yenyewe hutoa hewa ya ukaa, mbali na ile ya moto unaoyachoma. Ndiyo maana saruji huchangia takribani asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo duniani. Kwa wastani, mfuko wa kilo 50 huwa umekwisha kuacha angani kilo 30 hivi kabla haujafika dukani.

Sasa tuangalie ujenzi wetu, hata wa misikiti na madrasa unaotegemea sadaka za waja. Mifuko huwekwa juu ya udongo mtupu, mvua ikanyesha, saruji ikaganda. Zege huchanganywa kwa kukisia, likabaki, likamwagwa. Jenereta hunguruma kutwa kwa ajili ya kukata nondo chache, na kila lita ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Matofali nayo huchomwa kwa magogo. Dini yetu imekataza israfu hata katika maji ya udhu, sembuse haya!

Tiba yake haihitaji utajiri wa Oslo. Saruji ipangwe juu ya mbao na kufunikwa. Zege lipimwe kwa ndoo, lichanganywe la kutosha kazi ya wakati huo. Umeme uombwe kabla ya msingi kuchimbwa. Kwa Tanzania, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilianza kuzalisha mwaka 2024. Na pale udongo unapofaa, zitumike tofali za kufungamana, ambazo hushindiliwa kwa mashine bila kuchomwa.

Tahadhari moja: asije mtu akapunja saruji katika nguzo akadai anahifadhi mazingira. Hiyo ni khiyana. Kuporomoka kwa ghorofa Kariakoo, Novemba 2024, kulituonyesha jinsi jengo likianguka linavyoondoka na roho za watu. Kinachotakiwa ni kuacha kupoteza. Kipimo cha mhandisi kibaki palepale.

Wazazi wenzetu, nyumba tunawajengea watoto. Haifai tuwaachie paa juu ya vichwa vyao, na juu ya paa hilo anga tuliyoiharibu kwa uzembe.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa waangalizi wema wa amana yake. Amin.