Ala ya Kwanza Ukubwani
Jumanne, katika duka la ala za muziki Kariakoo, nilimsikia mama wa makamo akimwuliza muuzaji: "Mwanangu, kipi hapa ni chepesi kujifunza?" Akaonyeshwa kinanda cha umeme. Akakitazama, lakini macho yake yakarudi kwenye gitaa lililotundikwa ukutani. Wengi wanaoanza muziki ukubwani huuliza swali hilo la wepesi, nami naona linawapoteza. Kweli, ala hazilingani kwa ugumu: kinanda hutoa noti sahihi ukibonyeza tu, gitaa lina nyuzi 6 na mistari ya chuma shingoni inayoongoza vidole, udi hauna mistari hiyo, sikio ndilo linalotafuta sauti, kanuni ina nyuzi zipatazo 78, na kuziweka sawa tu ni kazi tosha. Lakini wepesi wa wiki ya kwanza haumfikishi mtu mwezi wa sita. Kinachomfikisha ni mapenzi. Apendaye haoni mlima. Mimi nimekulia kwenye taarab ya redioni, ndiyo maana sauti ya udi hunisimamisha njiani hadi leo. Mtu mzima hana kiboko cha mwalimu wala mtihani wa kumsukuma. Ana hamu yake tu, na kuinyima hamu hiyo ala inayoitaka ni kuiua. Basi mama yangu, nawe msomaji: chagua ala ya nyimbo ambazo tayari unazipenda, tafuta mwalimu aliye karibu, kisha anza wiki hii.