AFYA YA NYUMBANI: Damu ya mkaza mwana

Mama mmoja wa kijiji chenye mashamba ya mpunga ameniandikia barua, naye aomba nisitaje jina lake wala parokia yake. Asema kwamba mkaza mwanawe, binti wa miaka 24, hutokwa na damu isiyo ya mwezi, hasa baada ya kukutana na mumewe. Mumewe alikasirika, akasema, "Huyu ameniletea ugonjwa wa zinaa," kisha akamrudisha kwa wazazi wake. Mama auliza: je, mwanangu ametenda haki? Na je, yule binti apimwe Ukimwi?

Mama mpendwa, neno la kwanza ni hili: damu peke yake si shahidi wa uzinzi. Damu ya namna hiyo yaweza kutoka kwa sababu nyingi. Yaweza kuwa ugonjwa wa zinaa, ndiyo, na huo mwanamke aweza kuupata kwa mumewe mwenyewe. Yaweza kuwa kansa ya mlango wa kizazi, ambayo haifai kungojewa hata mwezi mmoja. Lakini umeniandikia kwamba binti huyo amelelewa katika majaruba ya mpunga, na kwamba utotoni alikojoa damu kama watoto wenziwe. Hapo nami nikakumbuka kichocho.

Watu wengi wadhani kichocho ni ugonjwa wa kibofu tu, tena wa wavulana. Mahali pengine mvulana akikojoa damu wazee hucheka na kusema amekua! Kumbe wasichana ndio wasimamao majini saa nyingi, wakifua, wakichota, wakipanda mpunga. Mdudu wa kichocho hutoka katika konokono wa majini, hasa jua likiwa kali, akapenya ngozi nzima isiyo na jeraha. Mwilini hukua, dume na jike wakikaa pamoja ndani ya mishipa ya damu karibu na kibofu, nao waweza kuishi humo miaka mingi. Kila siku jike hutaga mayai yenye mwiba. Mengine hutoka na mkojo. Mengine hupotea njia na kukwama katika nyama ya mlango wa kizazi na ya njia ya uzazi.

Mayai hayo yaliyokwama ndiyo yaletayo taabu. Mwili huyaona kuwa ni adui, ukapeleka askari wake wa damu wayazunguke. Nyama hiyo huvimba, hufanya vidonda na mishipa milaini, ikiguswa yatoka damu. Basi fikiri, mama: virusi vya Ukimwi hupenda kuingia katika askari hao hao. Virusi vikifika mahali hapo, vyakuta mlango wa nyumba umevunjwa na askari wamekusanyika mlangoni.

Si mawazo matupu. Katika mwaka 2006 wataalamu walitangaza habari za wanawake wa vijijini Zimbabwe: miongoni mwa wenye kichocho cha njia ya uzazi, waliokutwa na virusi vya Ukimwi walikuwa wengi kuliko miongoni mwa wenzao. Uchunguzi mwingine wa baadaye haukupata tofauti kubwa hivyo, basi tusitie chumvi. Lakini kichocho si mdudu pekee anayeshukiwa. Kule Kyela, kusini-magharibi mwa Tanzania, ilitangazwa mwaka 2016 kwamba wenye minyoo ya matende katika damu waliambukizwa virusi vya Ukimwi karibu mara mbili kuliko wasio nayo. Matende hayakai katika njia ya uzazi kama mayai ya kichocho. Yaelekea ni kwa sababu mwili unaopigana na minyoo siku zote huwa na askari wengi walioamshwa, nao ndio virusi vinaowatafuta.

Nisieleweke vibaya. Kichocho hakiambukizwi kitandani, wala hakizai Ukimwi. Virusi lazima vitoke kwa mtu mwenye navyo, na mtu huyo akimeza dawa zake kila siku hata virusi visionekane tena katika damu, hamwambukizi mwenziwe kwa tendo la ndoa.

Sasa tiba. Dawa ya kichocho yaitwa prazikwanteli. Ni vidonge vikubwa, vichungu, humezwa baada ya chakula, kwa kadiri ya uzito au urefu wa mtu. Tumbo laweza kusokota na kichwa kuzunguka, lakini hupita. Dawa huua minyoo. Kovu la siku nyingi katika nyama haliondoi sawasawa, wala haimzuii mtu kuambukizwa tena akirudi majini. Kwa hiyo binti zenu wadogo wasikose siku ya kugawiwa vidonge shuleni, na yule aliyeacha shule apelekwe zahanati, maana huyo ndiye asahauliwaye.

Jambo jingine ambalo hata wauguzi wengine hulipita. Mkojo ukipimwa na mayai yasionekane, haimaanishi kwamba hakuna kichocho. Kazi ya kuyasukuma mayai yatoke nje yategemea askari wa mwili, na huko Kisumu ilionekana mnamo 1997 kwamba wagonjwa ambao Ukimwi umewapunguzia askari hutoa mayai machache kuliko wenziwao. Basi binti aangaliwe pia mlango wa kizazi, na amwambie mganga waziwazi: "Nimekulia katika maji ya mpunga." Bila neno hilo huenda atapewa dawa za zinaa mara tatu, nne, na damu isikome.

Kuhusu swali lako la pili: ndiyo, apimwe Ukimwi. Na mwanao apimwe pamoja naye, siku ile ile, katika benchi moja. Yeye pia alichunga ng'ombe na kuoga katika bwawa lile lile. Apewe na dawa ya kichocho, kwa kuwa wanaume nao huwa na mayai katika viungo vya uzazi, na wengine huona damu katika mbegu zao wakanyamaza kwa aibu.

Usimtume mjumbe kumchukua binti. Mwanao aende mwenyewe, aseme na baba mkwe wake, ndipo wapitie hospitali kabla ya kufika nyumbani.