Manesi Wapya Hawali Vyeti

Wengine mtauliza: watu wa reli wana nini na mishahara ya hospitali? Tuna jambo. Mtu wetu akibanwa na behewa hapelekwi kwa Waziri, hupelekwa wodini, na usiku anayempokea ni nesi aliyetoka chuoni juzi, peke yake na wagonjwa tele.

Huyo ndiye anayeambiwa, "Wewe bado wajifunza, pokea posho." Basi twauliza: dereva mpya wa treni akipita taa nyekundu, husamehewa kwa kuwa ni mgeni? Kazi kamili, lawama kamili, mshahara tu ndio nusu!

Wala wasituambie tungojee mapatano. Mwaka 2017 Serikali iliandikiana na chama cha madaktari kwamba daktari wa mazoezi alipwe Shs. 206,400 kwa mwezi. Mwaka 2024 ikataka kumpa 70,000. Madaktari wakagoma tangu Machi 14 hadi Mei 8. Manesi nao, mwaka ule ule wa 2017, waligoma toka Juni 5 hadi Novemba 2, wakidai mapatano yao yatiwe sahihi na yafuatwe. Miezi karibu mitano kwa ajili ya kalamu! Na waliorudishwa mlangoni hawakuwa watoto wa wakubwa. Hao wana hospitali zao za kulipia.

Sisi twataka nesi mpya alipwe kwa kazi aifanyayo, tangu siku ya kwanza, na iandikwe. Mkutano wa tawi ukifika, jambo hili lisomwe kwanza, kabla ya hesabu za chai.